Milango ya Mwalimu Gwantwa

Ukishuka Chapwa, kabla hujafika Tunduma mjini, ukauliza nyumba ya Mwalimu Gwantwa Kibona, utaulizwa kwanza: "Ile ya namba?" Usikatae, ndiyo hiyo. Ni vyumba vya kupangisha vilivyojengwa mstari mmoja, kuanzia juu ya mteremko kushuka kuelekea barabara kuu, na kila mlango umepakwa tarakimu moja kwa rangi nyekundu ya bati. Ukianza kusoma kule juu, anakolala mwenyewe, ilikuwa hivi: saba, tatu, tisa, tatu, tisa, moja, tatu, tatu. Nasema ilikuwa kwa sababu sasa haipo yote.

Mimi naitwa Ruti, fundi cherehani, mpangaji wake wa miaka mingi. Nitangulize kusema kwamba sitajifanya nimekaa katikati. Walionisikia nikisimulia habari hii wanasema naisimulia kwa hasira, nami siwabishii.

Hebu fikiria nyumba moja yenye vyumba vinne vinavyoitwa namba tatu. Hezron, jirani yangu wa bodaboda, aliagiza chipsi zikaliwa na mtu mwingine, naye mtu huyo akajitetea kwamba aliambiwa namba tatu na yeye yupo namba tatu. Dereva mmoja wa Zambia aliyekuwa akitafuta chumba cha kulala wakati foleni ya malori imegoma kutembea alisimama uani na begi lake, akauliza, "Bamayo, number three ni ipi?" Nikamwambia achague. Aliondoka akinung'unika kwa Kibemba, na sikumlaumu.

Halafu wakaja wenye akili nyingi. Wa kwanza walisema ni namba ya simu ya mganga, ila amepungukiwa rangi akaacha tarakimu mbili. Wapo waliojaribu kuibahatisha na kupiga, wakapokelewa na watu wasiowajua. Wa pili wakasema ni Freemason. Mama mmoja wa kanisani alipita kila asubuhi akiwa ameziba macho upande wa kwetu kwa mtandio, mpaka siku alipokanyaga mfereji akateguka mguu, akasema mnaona. Vijana wa mkeka nao walizichukua tarakimu zile kama matokeo ya mpira, wakabeti, wakaliwa. Katika wote hao hakuna hata mmoja aliyekwenda kumuuliza mwenye nyumba, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Mimi nilimuuliza. Aliniketisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, akanieleza kama nilivyopaswa kuelezwa darasa la tano.

Namba tasa ni ile ambayo haigawanyiki bila kubaki kitu, isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe. Kumi si tasa, maana mbili inaingia na tano inaingia. Saba ni tasa. Sasa chukua 73939133. Ni tasa. Futa tatu ya mwisho, inabaki 7393913, nayo ni tasa. Futa tatu nyingine, inabaki 739391, tasa. Futa moja, futa tisa, futa tatu, endelea kukata kutoka mkiani mpaka ubaki na 73, mpaka ubaki na saba peke yake, na kila utakaposimama utakuta kilichobaki hakigawanyiki. Namba za tabia hiyo zipo kadhaa, lakini kubwa kuliko hii hakuna. Ukiiongezea mwishoni tarakimu ya tisa, yoyote uipendayo kuanzia sifuri, inavunjika palepale.

"Kwa hiyo inakubali kukatwa," nikasema, "lakini haikubali kuongezwa."

"Sasa unanielewa," akasema.

Alizaliwa milimani Ileje, kwa watu wa kanisa na mahindi. Alipokwenda chuo cha ualimu walimpangia Sayansi Kimu, maana ndiko walikoona mwanamke anafaa. Alikirudisha kikaratasi cha kumpangia, akaingia darasa la hisabati, akakaa kiti cha mbele, akawaambia wanaotaka kumtoa waje wamtoe. Hawakuja. Alifundisha Vwawa mpaka akastaafu, na ukitembea naye sokoni kule mpaka leo utasimamishwa na watu wazima wenye vipara wanaomwamkia huku mikono wameirudisha nyuma, kama waliokosa kazi ya nyumbani.

Mumewe, Ambakisye, alikuwa dereva wa malori. Wakiwa pamoja walijenga chumba kile cha juu. Ambakisye alifia safarini, upande wa Zambia, akamwacha na mtoto mmoja, Mika, aliyekuwa bado anabebwa. Mwalimu aliendelea kujenga peke yake, chumba kimoja kwa wakati wake, kila kimoja kikiwa chini ya mwenzake kuelekea barabarani. Hakuwahi kuacha msingi mtupu wala ukuta usio na bati. Kila alipositisha, nyumba ilikuwa nyumba. Alipomaliza cha nane akamwambia fundi akunje kamba yake. Nafasi ya cha tisa ilikuwepo, fundi akamwonyesha. Mwalimu akasema ya tisa haipo.

Tabia ya namba ile aliisoma kwenye kitabu akiwa bado kazini. Lakini kusoma kulimkera. Alisema amekaa miaka yote akiwaambia watoto wasikubali jibu la nyuma ya kitabu bila kuona njia, na yeye mwenyewe anatembea na jibu la nyuma ya kitabu. Alipostaafu akaamua kuitafuta njia. Kujua kama 73939133 ni tasa, unatakiwa kuigawanya kwa kila namba tasa kuanzia mbili mpaka 8597, na zote zikatae. Hapo katikati kuna namba tasa zaidi ya elfu moja. Kwa mkono, kwa chaki, kwenye ukuta wa nyumba chini ya bati la baraza.

Mtu mmoja hawezi, ndipo likaja suala la bomba.

Bomba la uani lina kufuli, na ufunguo anao Mwalimu. Jioni ya kwanza niliyohamia nilimwendea na ndoo zangu.

"Shikamoo Mwalimu. Naomba ufunguo wa bomba."

"Marahaba. Chaki hiyo hapo. Leo wewe una mia tano na tatu."

"Mwalimu, mimi nimekuja kuchota maji, sikuja shule."

"Maji yapo, mwanangu. Hayaendi popote."

Niligawanya nikitukana kimoyomoyo. Nikakosea. Akanirudisha, nikakosea tena, akanionyesha nilipoteleza, na mara ya tatu nikapata baki 145. Akanipa ufunguo. Watu wa foleni nyuma yangu walikuwa wameshakaa chini, wamezoea. Hivyo ndivyo tulivyoishi. Wapangaji walikuja na kuhama, wengine walihama kwa sababu hiyohiyo ya kugawanya, lakini waliobaki tulishika mwendo. Hezron alikuwa anagawanya akiwa amekaa juu ya pikipiki, kofia kichwani, anasema akiivua anapoteza hesabu.

Tena haikutosha kugawanya mara moja. Kila kigawanyo kilipewa watu wawili, jioni tofauti. Ukimaliza unafuta kazi yako na kumnong'oneza Mwalimu baki ulilopata. Akiyapata mabaki mawili yanayofanana, anaandika kigawanyo ukutani na baki lake, kimekwisha. Yakipishana, wote wawili mnarudia. Nilipomuuliza kwa nini asigawanye yeye haraka mara ya pili, yeye ambaye ndiye mwalimu, alinitazama kidogo.

"Kwa sababu nimeanza kukosea," akasema. "Nataka mtu wa kunikamata."

Ndiyo maana watu wakisema alikuwa hajijui, nachemka. Alijijua kabla yetu sote. Alianza kuniita Ketrina, jina la mwanafunzi wake wa zamani, nami nikaitika. Akiuliza kama amekula mchana, namwambia. Ya jana yalimtoka, ya juma lililopita yalimtoka. Lakini ukimuuliza habari za chuo, au Ambakisye alivyokuwa akipiga honi akiteremka kutoka Mpemba, alikueleza mpaka rangi ya shati.

Barabara kuu ilipokuja kupanuliwa, watu wa barabara walipima wakaweka alama ya X kwenye vyumba viwili vya chini. Ilikuwa haki yao, walilipa, sina neno nao. Cha mwisho kabisa kilikuwa changu, ndimo nilimoshonea; nikahamishia cherehani kwenye chumba kimoja cha juu chenye tarakimu tisa. Siku kijiko, ile mashine ya kubomolea, kilipokuja, Mwalimu alivaa gauni la kanisani, akashika mkoba, akasimama pembeni mpaka vumbi likatulia. Kisha akamwendea mwendesha kijiko, akamwonyesha kidole milango iliyobaki, mmoja baada ya mwingine, kuanzia wa kwake.

"Mia saba thelathini na tisa elfu, mia tatu tisini na moja," akamwambia. "Umekata, na bado."

Yule kijana akasema, "Sawa mama," akarudi kwenye mashine yake haraka.

Baadaye mtaro wa maji ukahitaji kupita, kikaenda chumba kingine tena, kile chenye tarakimu moja. Ikabaki 73939. Lakini ukuta wa chumba hicho ndio uliokuwa umebeba mamia ya vigawanyo tulivyokwisha kuvimaliza, vyote vikageuka kifusi. Sisi tulidhani sasa tumepona. Hezron alishaanza kuchota maji akipiga mluzi. Mwalimu alikuja na boksi jipya la chaki.

"Tunarudia vilivyobomoka," akasema.

Tulilalamika siku hiyo, mimi wa kwanza. Nilimwambia si alikuwa ameviona kwa macho yake, sasa anataka nini. Akasema yeye mwenyewe hakumbuki tena alichoona, na ukuta haupo, sasa nani ajue? Nikachukua chaki.

Sasa nije kwa Mika. Ni mhasibu Mbeya, mtoto mwema, simtukani. Kila mwezi alikuja, alinunua dawa, alikagua bati. Lakini aliukuta ukuta ule umejaa namba, akaikuta milango, akasikia ya Freemason na ya mganga, akawa anaondoka uso umemwanguka. Kilichomaliza maneno ni maharage. Mwalimu aliyaweka kwenye jiko la mkaa chumbani, akafunga mlango kwa ajili ya baridi, akasahau. Hezron ndiye aliyeuvunja mlango kwa teke, tukamtoa mama wa watu amelegea, anakohoa. Alipona. Tangu siku hiyo jiko lake lilihamia mlangoni kwangu, nikawa napika vyungu viwili, lakini Mika alishaamua.

Ng'ambo ya ukuta wa kiwanja kuna Felix Sinkala, mwenye yadi ya malori. Foleni ya mpakani inamnenepesha, na siku nyingi alikuwa anautamani mteremko wetu. Mika akaongea naye. Mpango ukawa kwamba kiwanja kiuzwe, Mwalimu ahamie Mbeya kwa Mika, mwisho wa habari. Sisi wapangaji hatukuulizwa, na wala hatukutegemea kuulizwa. Lakini mwenye nyumba naye hakuulizwa.

Mika hakuthubutu kumwambia mama yake uso kwa uso kwamba atoke nyumbani mwake. Alimtuma mjomba wake, Anyelwisye, mdogo wa Mwalimu, aje kutoka Ileje kulainisha mambo. Mzee Anyelwisye alifika ametota jasho na vumbi la njia, akasalimia, akasema ana maneno mazito, lakini kwanza aoge.

"Karibu sana mdogo wangu," Mwalimu akasema. "Bomba lile pale. Chaki hii hapa."

Mzee alikasirika kweli. Alisema yeye ni mtu mzima mwenye wajukuu. Alizunguka uani na taulo begani kama mtu aliyenyang'anywa suruali mtoni, sisi tukijifanya hatumwoni. Mwishowe akachuchumaa ukutani akagawanya. Alikuwa na mkono mzuri, kumbe utotoni dada yake ndiye aliyemfundisha hesabu, mchangani, wakichunga mbuzi. Siku ya pili aliomba mwenyewe namba. Siku ya tatu nikamsikia akibishana na Hezron kuhusu baki. Yale maneno mazito sikuyasikia akiyatoa.

Jumapili, baada ya ibada, Mika akaja mwenyewe. Tuliketi barazani: Mwalimu kwenye kiti chake, Mika kando yake, mzee Anyelwisye, Hezron na mimi. Felix naye aliingia, kwa heshima, akasimama karibu na mtaro. Mika alimgeukia mjomba wake ili afungue kikao.

"Mjomba, sema ulichotumwa."

"Nilitumwa kuja kusema," mzee Anyelwisye akajibu, "na nilikuja. Sasa sema mwenyewe, baba. Mimi nimeshashika chaki hapa, sitaki kuiharibu kazi."

Mika akavuta pumzi. Akasema kwa upole kwamba mama anahitaji mtu wa kumwangalia. Akasema maharage. Akasema milango, na watu wanavyosema mjini. Akasema ukuta huu, mama, mtu akiuona anajua mwenye nyumba hayuko sawa. Akatoa simu yake, akaiandika namba, akaigeuza tuone sote.

"Tazama. Imejibu kabla sijanyanyua kidole. Ni tasa. Mmekaa miaka mnagawanya kitu kinachojulikana."

"Kinajulikana na nani?" Mwalimu akauliza.

"Na kila mtu, Mama."

"Wewe unakijua?"

"Si nimekisoma hapa."

"Umesoma. Mimi nauliza kama unajua."

Mika akaizima simu. Felix akaona amsaidie. Akasema kwa sauti nzuri kabisa kwamba kama Mbeya ni mbali, yeye yuko tayari kumjengea Mwalimu nyumba nyingine Mpemba, yenye vyumba vingi kuliko hivi, marumaru chini, maji ndani. Hakuwa mtu mbaya siku ile, alikuwa anaongeza dau.

"Felix, baba," Mwalimu akasema, "hata ilipokuwa kamili, vyumba vinane, haikukubali kuongezwa. Nilijaribu zote kumi. Zile za shufwa na tano hazina haja ya kujaribiwa. Moja na saba, tatu inaingia. Tatu na tisa zilinisumbua, lakini nazo nilizipasua. Kwa hiyo mimi kuongezwa siombi. Kaa na marumaru yako."

Kisha akanyanyuka, akaenda ukutani na fimbo yake, akagonga mahali peupe.

"Kimebaki kimoja. Elfu nane mia tano tisini na saba. Ruti amekigawanya Ijumaa, baki lake ninalo. Anahitajika wa pili. Mdogo wangu alitaka kukichukua, nimemnyima." Akamtazama Mika. "Njoo wewe."

"Mama, tuna jambo la kuzungumza."

"Gawanya kwanza."

Mika alitutazama kama anayeomba msaada. Hakuupata. Akavua koti, akalitundika kwenye msumari wa mlango wenye tarakimu tisa, ule wangu, akashika chaki. Nilimwangalia mkono. Aliandika tarakimu kubwa, zilizosimama wima, hivihivi anavyoandika mama yake. Hakugusa simu. Alikwama mahali pamoja, akafuta kwa kiganja, akarudia. Uani yalisikika malori tu yakipumua barabarani. Alipomaliza aliinama akamnong'oneza mama yake sikioni, maana hata yeye alishajua utaratibu.

Mwalimu akafumba macho. Nilishikwa na hofu, kwa sababu baki langu hakuliandika popote, alisema atalishika kichwani. Niliona midomo yake ikitembea. Kama limemtoka, tumekwisha, Mika hatahitaji ushahidi mwingine.

"Elfu nne mia tisa thelathini na tatu," akasema kwa sauti. "Ruti, ndilo?"

"Ndilo, Mwalimu."

Akaliandika. Akamweleza Felix, ambaye hakuuliza, kwamba hakuna haja ya kwenda mbele zaidi. Namba tasa inayofuata, 8599, ukiizidisha kwa yenyewe inaipita 73939133. Kwa hiyo kigawanyo chochote kikubwa kuliko hapo kingekuwa na mwenzake mdogo, na wadogo wote tumeshawagongea mlango mmoja mmoja, wote wamekataa. Felix akaitikia kwa kichwa. Hezron akaanza kupiga makofi, mzee Anyelwisye akafuata, "ndaga, ndaga," asante ya kwao, anarudia, na mimi nilikuwa nalia, sioni haya kusema. Miaka yote ile ya ndoo na chaki.

Mika akasubiri makofi yaishe. Macho yake nayo yalikuwa mekundu.

"Imekwisha, Mama," akasema. "Umemaliza kazi yako. Hakuna tena kinachokushikilia hapa. Twende nyumbani."

Nilitamani kumpiga na ndoo. Lakini nilielewa alikuwa amesema kweli ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa ameifikiria. Tulikuwa tumemalizia wenyewe ile kazi iliyomweka pale.

Mwalimu aliketi. Alipoanza kusema, sauti ilikuwa ya darasani.

"Mika, unadhani nilikuwa nagawanya ili nimalize? Nilianza kukatwa kabla ya nyumba. Ya jana yananitoka, najua. Ya juzi yananitoka. Kesho nitaamka hii Jumapili haipo. Watu wakaanza kunisemea kama mtu aliyekwisha kuharibika: huyu mama si mzima, agawanywe, huyu achukue kiwanja, huyu achukue mama. Nikasema hapana. Kitu kinaweza kukatwa mkia, kikakatwa tena, na kilichobaki kikawa kizima, kisiingiwe na mtu. Nilitaka kujua kama jambo hilo ni la kweli au ni maneno ya kitabu. Sasa najua. Kata. Kilichobaki ni mimi."

Mika alikuwa amepiga magoti mbele ya kile kiti bila kujua, nadhani, kama anayemfunga mtoto kamba za viatu.

"Na ikibaki saba peke yake, Mama? Chumba kimoja tu, na hukumbuki chochote?"

"Saba nayo ni tasa. Nitalala humo. Ruti ana jiko."

"Na wakiikata hiyo saba?"

"Hiyo haitakuwa kukata tena," akasema. "Hiyo ni kuzika. Njoo siku hiyo uzike. Usije kuzika kabla."

Mzee Anyelwisye alitazama chini. Mwalimu akanyoosha mkono, akamshika Mika shavu lenye vumbi la chaki, akalifuta kwa kidole gumba, taratibu. Alimtazama kwa furaha ambayo sijawahi kuiona usoni pake.

"Umechoka na safari, Ambakisye," akamwambia. "Njia ilikuwaje?"

Sote tulisikia. Hata Felix alisikia, nikaona ameanza kumtazama Mika, akisubiri, maana hapo kila kitu kilikuwa kimerudi mikononi mwa Mika. Ningekuwa Felix ningefikiri hivyohivyo. Mika hakumsahihisha mama yake. Alikaa vile amepiga magoti, mkono wa mama shavuni, mpaka mkono ukashuka wenyewe.

"Njia ilikuwa nzuri," akasema.

Kisha akasimama, akamgeukia Felix.

"Mzee, nisamehe kwa kukupotezea muda. Hapauzwi. Mama yangu hahami. Hata akinisahau mimi, hahami."